Jibii Mia Nne na Themanini

Kompyuta ya Karani ilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kama viumbe wengi wa umri huo ilikuwa haifanyi lolote mpaka iambiwe mara tatu. Dukani ilikuwa imeuzwa kwa jina la kompyuta mpakato, lakini ni muda mrefu sasa tangu mtu aipakate, kwa sababu ilichoma mapaja kama pasi. Ilikaa juu ya meza ndogo sebuleni, chini yake vigae viwili vilivyobaki bafu lilipokarabatiwa, ili ipate hewa. Betri ilikuwa imekufa. Ukichomoa waya tu, inazimika bila kuaga. Karani alikuwa akiiwasha asubuhi, kisha anafagia, anaoga, anakunywa chai, na akirudi anakuta bado imeandika "Karibu".

Hiyo ndiyo iliyokuwa ofisi yake. Aliwachapia watu barua za maombi ya kazi, mikataba ya upangaji, ratiba za harusi na za mazishi, na miaka sita ya kazi hiyo ilikuwa imemfutia jina lake la kuzaliwa. Mtaa mzima ulimwita Karani. Mumewe naye alikuwa fundi bomba, na kwa sababu hiyo hiyo aliitwa Koki. Watoto wao walikuwa wakubwa na walishahama. Waliobaki nyumbani ni wao wawili na mama yake Karani, bibi mwembamba mwenye kiti chake karibu na dirisha, ambaye kutwa alishona vifungo vya nguo za watu na kusema kwamba hasikii vizuri. Koki alikuwa amegundua siku nyingi kwamba mama mkwe wake anasikia kila kitu.

Jumatano ile, saa kumi alasiri, Koki alikuwa amelala kwenye kochi huku soksi zikiwa bado miguuni, akasikia sauti kutoka mezani. Tik. Tik. Tik-tik. Kisha akasikia sauti ya mkewe, ndogo na kavu.

"Baba watoto, hebu njoo uone."

Kwenye skrini palikuwa na maneno: nafasi haitoshi, kazi haiwezi kuhifadhiwa. Mshale ulikuwa umeganda. Karani alikuwa ameondoa mikono kwenye kibodi na kuiweka mapajani, kama mtu aliyeambiwa asiguse ushahidi.

"Mitihani imo humu," alisema. "Madarasa saba."

Koki aliijua hiyo mitihani. Kwa miaka mitatu Karani alikuwa akimbembeleza Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi ampe kazi ya kuchapa mitihani ya muhula, na kwa miaka mitatu Mwalimu Mkuu, mwanamke mrefu ambaye hata wazazi walikuwa wakiingia ofisini kwake wakiwa wamechomekea mashati, alikuwa akimjibu kwamba shule haiwezi kujaribu mtu. Muhula huu, hatimaye, alikuwa amekubali. Mitihani ilitakiwa Jumatatu, saa mbili kamili. Si saa mbili na dakika moja.

Koki alisikiliza ile tik-tik akiwa ameinamisha sikio, vile alivyozoea kusikiliza mabomba ndani ya ukuta.

"Tangi limejaa," alisema. "Hakuna ugonjwa hapa. Dawa ya tangi lililojaa ni tangi kubwa."

"Limejaa nini?"

"Si hizo barua zako? Miaka sita unaandikia mji mzima."

Kutoka dirishani mama mkwe alishusha pumzi ndefu. Koki hakugeuka kumtazama.

"Kesho kutwa nitaipeleka kwa Dada Bisibisi," alisema Karani. "Kesho lazima niende shuleni kuchukua masahihisho."

"Fundi yule wa kompyuta atakutoza hata salamu. Niachie mimi."

"Wewe unajua nini kuhusu kompyuta?"

"Mama watoto, kitu kinaingia huku, kinatoka kule, katikati kinahifadhiwa. Miaka ishirini na tatu nafanya kazi gani mimi?"

Karani alimtazama, akaitazama kompyuta, akachoka kabla hajajibu. Koki akalichukulia hilo kuwa ruhusa.

*

Duka alilokwenda Koki Alhamisi asubuhi lilikuwa na milango ya vioo na ubaridi wa mashine, na kwa sababu hiyo aliingia akifuta viatu mara mbili. Mfukoni alikuwa na hela aliyoiweka akiba kwa ajili ya mashine ya kuzibulia mabomba. Alikuwa amejishawishi njia nzima kwamba mabomba ya watu yanaweza kuziba mwezi mmoja zaidi bila dunia kuisha.

Ukweli, ambao hakuutaja hata moyoni kwa sauti kubwa, ni kwamba alitaka vitu viwili. Alitaka mkewe arudi kutoka shuleni akute kompyuta imepona, aseme "Ah!" kwa ile sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu walipofunga tangi la maji la kwanza. Na alitaka nafasi kwa ajili ya mambo yake.

Muuzaji alikuwa na miwani isiyo na vioo na tabasamu lililojaa vioo vyote vilivyokosekana.

"Karibu mzee wangu. Tukusaidie nini?"

"Diski. Kubwa kuliko zote."

"Mashine yako ni ya mwaka gani, mzee?"

Hapo nyuma yake walikuwa wamesimama vijana wawili na dada mmoja, wote wakisubiri zamu. Koki aliona aibu ikimpanda kutoka kwenye viatu. Kusema miaka kumi na miwili mbele ya watu hawa kulikuwa sawasawa na kusema amekuja na punda.

"Ya juzijuzi tu," alijibu.

"Safi!" Muuzaji alifungua kabati na kutoa kitu chembamba, kirefu kama kipande cha chingamu, kina vipande vyeusi vimebandikwa mgongoni. "Basi hii ndiyo yenyewe. Terabaiti moja, jibii elfu nzima. Haina kinachozunguka ndani, haina kelele, haichoki. Wengine bado wananunua yale madude ya zamani, lakini wewe unaonekana mtu wa kwenda na wakati."

Hakuna aliyewahi kumwambia Koki kwamba anaonekana mtu wa kwenda na wakati. Mkewe alikuwa amewahi kumwambia kwamba anaonekana mtu aliyeachwa nao. Alikigeuza kile kijiti mkononi. Terabaiti moja, na uzito wake haufiki wa kifungo cha shati!

"Kinaingia tu?" aliuliza.

"Kinaingia tu."

Akalipa. Kwenye risiti, chini kabisa, kwa maandishi ya ukubwa wa chawa, paliandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

*

Karani alikuwa ameondoka. Koki alitandika gazeti mezani, akaipindua kompyuta kifudifudi, akatoa bisibisi yake ndogo kuliko zote, ambayo bado ilikuwa kubwa. Alikuwa amefungua hita, mota na pampu za visima. Kitu chenye skrubu kumi na moja kingemshindia wapi?

Mfuniko ulitoka kwa sauti ya kuvunjika, ingawa hakuona kilichovunjika. Ndani kulikuwa na vumbi la kutosha kupanda bamia. Diski ya zamani aliitambua mara moja, dude la chuma lenye ukubwa wa pakiti ya karata. Akaivuta, ikatoka kwa heshima, na nyuma yake pakabaki tundu lake: pana, bapa, lenye meno marefu ya shaba.

Akachukua kijiti chake. Akakitazama. Akalitazama tundu.

Alijaribu kukiingiza kwa mbele. Kilielea mle ndani kama kijiti cha kiberiti ndani ya mlango wa gereji. Akajaribu kwa nyuma. Akajaribu kukigeuza tumbo juu. Akakitoa, akakipuliza, akakirudisha, kwa sababu vitu vingi alivyovijua huwa vinakubali vikipulizwa.

"Labda kinaingia kwa ubavu," ilisema sauti ya dirishani.

"Mama, kazi hii inataka utulivu."

"Mimi sijasema kitu, mwanangu."

Koki alipapasa kando ya tundu, akatafuta tundu jingine dogo, akakagua hata pale panapoingia waya wa chaji. Jasho lilianza kumtoka. Mkono wake, bila kumshauri, ulikwenda kwenye mkoba wa kazi ukarudi na ile tepu nyeupe wanayozungushia nyuzi za mabomba yasivuje.

"Mkwe wangu," alisema mama mkwe kwa upole mkubwa. "Hiyo ni ya maji. Irudishe."

Aliirudisha. Na ndipo mlango ulipofunguliwa, Karani akaingia na bahasha ya masahihisho kwapani. Aliona gazeti, mfuniko, skrubu zilizotawanyika kama mchele uliomwagika, diski yake imelala peke yake ukingoni mwa meza, na mumewe ameshika kijiti.

Koki alingoja kelele. Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Kila mwanamume aliyeoa ana majibu matatu ya akiba kwa ajili ya kelele. Karani alikuja polepole, akachukua kile kijiti, akakipeleka kwenye tundu kwa vidole viwili, akakirudisha mezani.

"Ulipima?" aliuliza.

Neno hilo lilikuwa lake, Koki. Miaka ishirini na tatu alikuwa akiwachapa nalo wateja. Walikuwa wakija na viungio vya robo tatu kwa bomba la nusu inchi, na yeye anawatazama toka juu hadi chini na kuwauliza: Ulipima? Au ulinunua kwa macho?

"Sikupima," alisema.

Karani aliweka bahasha kwenye kochi. Alileta kikombe, akapiga magoti, akaanza kuokota skrubu moja moja. Koki naye alipiga magoti upande wa pili wa meza. Heri angefokewa.

*

Ijumaa asubuhi walitoka nyumbani wakiwa watatu. Mbele Karani, amebeba kompyuta iliyopasuliwa juu ya sinia, imefunikwa kitambaa cha meza. Nyuma yake Koki na mkoba wenye waya, kikombe cha skrubu na kijiti kilichofungwa ndani ya leso. Nyuma kabisa mama mkwe, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa amelalamika kwamba magoti hayamruhusu kufika hata gengeni.

"Koki!" alipaza sauti fundi viatu kutoka ng'ambo ya barabara. "Mmebeba nini hicho, kitoweo?"

"Mgonjwa," alijibu mama mkwe. "Daktari alikuwa mkwe wangu."

Kibanda cha Dada Bisibisi kilikuwa na upana wa mlango na nusu. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, taa ndogo imefungwa kichwani, sauti ya mtu aliyekunywa chai ya moto haraka. Alifunua sinia, akatazama kwa muda.

"Nani kafanya hivi?"

Karani alikunja kitambaa cha meza. Mama mkwe alitazama angani. Koki aliinua mkono kidogo, kama mwanafunzi.

"Ulitumia nini, baba? Mtaimbo?"

"Bisibisi."

"Usinitukanie jina." Alimwaga skrubu kwenye kisahani chenye sumaku, akazihesabu kwa ncha ya kidole. "Kumi na mbili. Mashine hii ina kumi na moja."

Ile ya kumi na mbili ilikuwa ya mita ya maji. Koki aliichukua akaitia mfukoni.

Dada Bisibisi alikifungua kile kijiti kwenye leso, akakishika mbele ya taa ya kichwani, akaguna. "Kitu kizuri sana hiki. Lakini mashine yako, mama, ilizaliwa kabla ya tundu la kijiti hiki kuzaliwa. Hata ukiipeleka kwa mganga hakiingii. Hawakukuuliza ya mwaka gani, baba?"

"Waliuliza," alisema Koki.

"Ukasema?"

Koki alijikuna shingo. "Nilisema ya juzijuzi."

"Mganga hajigangi," alisema mama mkwe, akakaa juu ya kigoda bila kukaribishwa.

Dada Bisibisi alimgeukia Karani, na tangu hapo hakumsemesha Koki tena isipokuwa pale ilipobidi. Aliweka diski mbili mezani. Zote zilikuwa na umbo la ile ya zamani. "Hii ya kwanza ni kama uliyonayo, inazunguka ndani. Ni terabaiti moja, bei yake ndogo, lakini utaendelea kuwasha na kwenda kuoga. Hii ya pili haizunguki. Ndani ni kama kile kijiti cha baba, ila umbo linaingia kwako. Zipo za jibii mia mbili arobaini na za mia nne themanini. Ni ndogo kuliko ile kubwa, lakini mashine itaamka kama imemwagiwa maji. Sasa niambie, mama, wewe mwenye mashine unataka nini?"

Karani alizitazama diski zote mbili. Koki alimtazama, na likamjia jambo moja: tangu Jumatano walikuwa wamezungumzia diski hii asubuhi na jioni, na swali hilo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

"Nataka nikiiwasha iwake," alisema Karani taratibu. "Na nikibonyeza kuhifadhi, nisiwe naomba dua."

"Basi tuone una mzigo kiasi gani." Dada Bisibisi aliichomeka diski ya zamani kwenye mashine yake kwa waya. Tik. Tik-tik. Alikunja uso. "Hii inakohoa. Tuiwahi kabla haijakata roho." Kwenye skrini yakapanda majina na tarakimu. Akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akasoma.

"Barua, mikataba, ratiba, mitihani. Kazi zako zote za miaka sita, mama, hazifiki jibii mbili."

"Mbili?" alisema Karani. "Na diski ni ya ngapi?"

"Mia tano, na mashine yenyewe inakula kama themanini."

"Hizo nyingine zimejaa nini?"

Koki aligundua kwamba kibanda kile hakina mlango wa nyuma.

"Mieleka," alisoma Dada Bisibisi. "Mieleka moja, mieleka mbili, mieleka fainali, mieleka fainali halisi, mieleka ya wazito. Kuna mieleka iliyohifadhiwa mara nne. Jibii mia nne na kumi na sita za watu wanaovuana nguo na kupigana viti."

Nje mtu alikuwa akitangaza bei ya vitunguu kwa kipaza sauti. Karani hakumtazama mumewe. Alikuwa akitazama zile namba, mbili na mia nne kumi na sita, akizilinganisha.

"Miaka mitatu," alisema, "nafuta barua za watu ili nipate nafasi. Mwezi uliopita nimefuta ratiba ya mazishi ya yule mzee wa kona, wanawe wamekuja kuiomba nikawaambia sinayo. Na wewe ukaniambia tangi limejazwa na barua zangu."

"Mama watoto..."

"Uliniambia mbele ya mama."

Koki alitaka kusema jambo lenye hekima, akakuta kichwani mwake mna vumbi kama ndani ya ile kompyuta. "Nilikosea," alisema. "Nilijua na nikakosea. Zifutwe zote."

"Zote?" Sauti ilitoka kwenye kigoda.

Wakageuka wote watatu. Mama mkwe alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake kwa mikono miwili.

"Hata ile ya Kifaru na Kipara?" aliuliza. "Sina maana yoyote. Nauliza tu."

"Mama!" alisema Karani. "Si unasema huwa hutazami, unashona?"

"Sitazami. Nasikiliza tu."

Dada Bisibisi aliinama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuwepo, mabega yakimtikisika. Na Karani, ambaye alikuwa na kila haki ya kukasirika mpaka jioni, alijitahidi kuzuia mdomo wake, ukamshinda upande mmoja.

Ilipofika kwenye kuchagua, Koki alijaribu kujirudi. "Chukua ile ya mia mbili arobaini," alisema kwa unyenyekevu. "Kama kazi zako ni jibii mbili, inatosha na kusaza. Hela inayobaki ufanyie jambo lako."

Karani alizishika mkononi zote mbili, ndogo na kubwa. Uzito ulikuwa mmoja.

"Hapana," alisema. "Nipe ya mia nne themanini."

"Utaweka nini humo?"

"Jibii mbili."

"Na nyingine zote?"

"Zikae tupu. Miaka yote hii nimebanwa pembeni ndani ya mashine yangu mwenyewe. Nataka nikiifungua nione uwanja."

Koki hakubisha. Dada Bisibisi alikubali kukichukua kile kijiti kwa theluthi mbili ya bei yake, kwa sababu alikuwa na wateja wenye mashine za juzijuzi za kweli, na theluthi mbili hiyo ikalipia diski, kazi, na kikasha cha plastiki chenye waya wa kuchomekea diski ya zamani kwa nje. Ile theluthi iliyopotea Koki aliihesabu kuwa ada ya shule.

"Mieleka iacheni kwenye hii ya zamani," alisema Dada Bisibisi akiwapa kikasha. "Lakini inakufa. Leo, kesho, mwezi ujao, mimi sijui. Msiweke humo kitu mtakachokililia."

Kunakili kulichukua mpaka saa tisa. Karani alikaa akitazama kila jina linavyovuka kutoka diski moja kwenda nyingine, na diski ya zamani ilikuwa ikitikisika kama mtu anayepandisha ngazi na gunia. Mafaili yote yalivuka. Yote isipokuwa moja: Sayansi, Darasa la Sita. Dada Bisibisi alijaribu mara tano. Lilikuwa limeoza.

"Karatasi ya mwalimu ninayo," alisema Karani. "Nitalichapa upya." Lakini alikuwa amepauka.

*

Jumamosi asubuhi Karani alibonyeza kitufe, akageuka kuchukua ufagio, na alipogeuka tena kompyuta ilikuwa tayari, imefunguka yote, inamngoja. Alisimama na ufagio mkononi. Akaizima. Akaiwasha tena. "Ah!" alisema.

Koki, kwenye kochi, aliisikia sauti hiyo na kuangalia dari. Kisha akavuta kiti mpaka mezani.

"Nikusomee," alisema. "Wewe uandike tu. Tutakwenda haraka."

Karatasi ya mwalimu wa sayansi ilikuwa na kurasa sita za mwandiko uliokuwa kama kuku amekanyaga wino akakimbizwa. Koki alisoma kwa sauti, akishindwa hapa na pale, wakibishana kama neno ni "mizizi" au "mijusi". Walipofika swali la ishirini na tatu alinyamaza.

"Endelea," alisema Karani.

"Siwezi."

"Hakusomeki?"

"Kunasomeka. Ni uongo. Sikiliza: maji hufika ghorofa ya juu kwa sababu, a, bomba ni refu; b, koki imefunguliwa; c, maji ni mepesi; d, bomba ni jembamba. Kisha kaweka alama kwenye a!" Koki alikuwa amesimama. "Bomba refu? Mimi naweza kukutandikia bomba refu kutoka hapa mpaka sokoni na usipate tone. Msukumo! Tangi lazima liwe juu kuliko koki, au pampu iwepo. Watoto wafundishwe hivi, kisha tunashangaa kwa nini nyumba zao hazina maji."

"Mimi nimepewa kuchapa, si kusahihisha."

"Basi mpigie mwenye mtihani."

Karani alisita. Kumpigia Mwalimu Mkuu siku ya Jumamosi hakikuwa kitu ambacho watu hufanya kisha wakalala vizuri. Lakini alipiga, akaeleza kwa maneno machache, akasikiliza, akampa mumewe simu kama anayempa kaa la moto. Koki alieleza. Alieleza kwa mikono yote miwili, mpaka simu ikamtoka sikioni mara mbili. Alipomaliza, upande wa pili palisikika kalamu ikiandika.

"Andikeni anavyosema fundi," ilisema sauti ya Mwalimu Mkuu, na simu ikakatwa.

Waliandika. Walipomaliza ukurasa wa sita Karani alibonyeza kuhifadhi, na ikahifadhi kabla kidole hakijainuka.

"Ilifaa nikuulize," alisema Koki, akipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika. "Kabla sijaenda dukani. Na kuhusu ile mieleka pia."

"Ilifaa."

"Niliona haya. Kusema mbele ya wale watu kwamba mashine ni ya miaka kumi na miwili."

Karani aliinuka kuwasha printa. "Mimi ndiye ninayekaa nayo mbele ya wateja kila siku," alisema. "Nao wanaona. Sijafa." Kisha akaongeza, mgongo ukiwa bado umemgeukia: "Swali la ishirini na tatu umelieleza vizuri."

Jumatatu saa mbili kasoro dakika kumi bahasha saba zilikuwa mezani kwa Mwalimu Mkuu. Alizikagua akiwa amesimama, moja baada ya nyingine, akatia sahihi kwenye daftari la mapokezi. Hakusema asante. Alisema muhula ujao karatasi ziletwe Ijumaa.

*

Diski ya zamani iliishi siku kumi na nane tangu Jumatano ile. Ilikata roho siku ya Jumapili alasiri, katikati ya pambano la Kifaru na Kipara, ambalo mama mkwe alikuwa akilisikiliza kwa macho yote mawili baada ya kuazima kompyuta kwa saa moja. Kifaru alikuwa amelala chini, Kipara amepanda juu ya kamba anajiandaa kuruka. Tik, ilisema diski. Tik-tik-tik. Kisha kikasha kikanyamaza kabisa, na Kipara akabaki hewani.

Koki alichomoa waya, akachomeka. Akasikiliza kwa sikio. Akatikisa kichwa.

"Imekwenda, mama."

"Haiwezi," alisema mama mkwe. "Anatua wapi?"

"Imekwenda yote."

"Mkwe wangu, mimi nina miaka sabini na nane. Usiniache na mtu hewani."

Karani alikwisha kuirudisha kompyuta mezani kwake, maana alikuwa na mkataba wa upangaji wa kumalizia. Koki alimtazama mkwewe, akatazama mlango, akavua viatu. Akachukua mto mkubwa wa kochi akaulaza sakafuni.

"Huyu ni Kifaru," alisema. "Yuko chini, lakini anajifanya amezimia. Kipara hajui." Akapanda juu ya stuli, akatanua mikono. "Kipara anaruka hivi..."

Aliruka. Kifaru akajiviringisha pembeni, kwa msaada wa Koki mwenyewe, na Kipara akatua sakafuni kwa kiwiko, na maumivu yake hayakuwa ya kuigiza. Mama mkwe alipiga makofi. Kifaru akainuka, akamkaba Kipara shingo. Kipara akapiga kelele kwa sauti mbili, ya kwake na ya watazamaji. Vumbi lilipanda. Vidole vya Karani viliendelea kugonga kibodi, lakini mkataba ule ulikuwa umeanza kupata makosa ya herufi.

Hodi ilipigwa, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, mgeni alikuwa ameshaingia. Mwalimu Mkuu alisimama kizingitini, mrefu, na faili la kazi mpya kifuani. Aliona fundi wake wa swali la ishirini na tatu amelala chali katikati ya sebule, bila viatu, mto umemkalia kifuani na yeye ameukumbatia kwa mikono na miguu.

"Nimekuja wakati mbaya?" aliuliza.

"Karibu kiti, mwalimu," alisema Karani bila kusimama, kwa sababu alijua akisimama ataanguka kwa kicheko. "Akimaliza raundi hii nitakuhudumia."

Koki alitaka kuinuka. Alikutana na macho ya mama mkwe wake, akaghairi, akaendelea kushindana na mto, ingawa sasa kwa adabu zaidi. Mwalimu Mkuu alikaa. Aliweka faili mapajani, akaunganisha mikono juu yake, akatazama kwa makini na bila tabasamu, vile anavyomtazama mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Mguu," alisema mwishowe. "Mshike mguu."